Stesheni masta ana mkia! Siku nilipokwenda Kishi, Japani

NILIPOAMBIWA kwamba nikipanda treni nitafika kwenye stesheni ambayo bosi wake ni paka, nilicheka mpaka mwenyeji wangu akaniangalia kwa huruma. Nilidhani ni ule utani wa Wajapani ambao mgeni huushiki mpaka uelezwe mara mbili. Kumbe mama wa watu hatanii.

Ilikuwa Oktoba 2014. Nilikuwa Osaka kwa kozi ya miezi mitatu, na kilichonichosha haikuwa masomo, ni ukimya. Wewe msomaji wangu uliyezoea daladala ambamo konda anaita abiria, redio inalia na dada wa siti ya nyuma anaisimulia ndoa yake kwenye simu, hebu fikiria behewa limejaa hadi mlangoni na hakuna hata anayekohoa. Wiki ya sita nilikuwa naongea peke yangu bafuni. Ndipo mama huyo, msimamizi wa bweni letu, akaniita jikoni.

"Jumatano huna darasa," akasema. "Nenda Kishi kamwone Tama. Ila usiende Jumatatu wala wikiendi. Siku hizi ni bibi, kapunguziwa siku za kazi."

Jamani! Paka kapunguziwa siku za kazi. Nina mjomba wangu kafanya kazi miaka thelathini, hakuwahi kupunguziwa hata saa moja.

Basi bwana, Jumatano asubuhi nikadamka. Kutoka Osaka hadi mji wa Wakayama ni kama saa moja na ushee kwa treni ya kawaida. Ukifika pale unakatiza hadi mwisho kabisa wa stesheni, jukwaa namba 9, na hapo ndipo Japani ya picha za kalenda inapoishia. Hamna treni risasi hapo. Kuna vibehewa viwili tu, dereva ni yeye mwenyewe, na nauli ukishuka njiani unaitumbukiza kwenye kisanduku kilicho karibu yake. Konda hayupo. Reli yenyewe ni ya njia moja, urefu wa kilomita 14.3, stesheni 14 kuanzia Wakayama mpaka Kishi. Yaani kwetu huo ni umbali wa foleni moja ya jioni.

Nilikuwa nimeombea nipate treni ya Tama yenyewe, ile iliyochorwa paka ubavuni na kuwekewa masikio mbele. Sikuipata. Nikapata treni ya stroberi, nyeupe yenye madoa mekundu, sakafu ya mbao na mabenchi ya mbao kama ya sebuleni kwa bibi. Huko Kishi wanalima stroberi, ndiyo maana. Nikakaa dirishani, mji ukaanza kupungua, nyumba zikawa chache, mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa yakaanza kujitokeza, na miti ya chenza, na ile miti ya matunda ya kaki, rangi ya chungwa kabisa wakati majani yameshaanza kudondoka. Kuna mahali treni inapita juu ya bwawa kubwa, maji huku na huku. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nikasahau kuangalia saa.

MZEE NA LILE JINA UKUTANI

Mbele yangu alikaa mzee mmoja, mfuko wa plastiki magotini, kofia ya kitambaa. Akanitazama. Mimi nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa, nikasema konnichiwa yangu ya kukariri, maana shikamoo pale isingesaidia. Akafurahi kupita kiasi. Akatoa kaki moja mfukoni akanipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili. Nikajisemea moyoni, eh, kumbe adabu za hawa wazee na za bibi yangu ni zilezile.

Kiingereza chake kilikuwa cha maneno kama ishirini hivi, na Kijapani changu kumi. Lakini aliinuka, akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye ukuta wa behewa. Pale palikuwa na majina ya watu, mengi, yamepangwa mistari kwa mistari. Akapitisha kidole taratibu mpaka akafika kwenye jina moja. Akasema, "Wife." Kisha akaonyesha juu, mbinguni. Kisha akaonyesha sakafu ya behewa tuliyosimama, akaipiga kwa kisigino mara mbili. "Wife," akarudia.

Sikuelewa. Nilidhani ananiambia mke wake alifia kwenye treni ile, nikaanza kuogopa. Ni mpaka usiku, niliporudi bwenini na kumsimulia mama msimamizi, ndipo aliponieleza maana ya majina yale. Na hapo ndipo habari ya paka ilipogeuka kuwa habari nyingine kabisa kichwani mwangu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Reli hii ilianza mwaka 1916, na ilipofika mwaka 1933 ikasogezwa mpaka Kishi. Mwanzoni ilibeba mahujaji waliokwenda kusali kwenye mahekalu matatu makubwa yaliyo kandokando ya njia, baadaye ikabeba wanafunzi, wafanyakazi, na kina mama wanaokwenda sokoni mjini. Katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa inapakia zaidi ya abiria milioni tatu kwa mwaka. Halafu watu wakanunua magari. Vijana wakahamia Osaka na Tokyo. Watoto wakapungua. Ilipofika mwaka 2005 abiria hawakutimia hata milioni mbili, na kampuni iliyokuwa ikiiendesha, Nankai, ilikuwa inapoteza mamia ya milioni ya yen kila mwaka kwenye kijia hiki kidogo.

Sasa ujue kwamba tangu mwaka 2000 sheria ya reli ya Japani ililegezwa. Zamani kampuni ikitaka kufunga njia ilibidi iombe kibali. Baada ya mabadiliko hayo ikawa inatoa taarifa tu, halafu inangoja mwaka mmoja, basi. Mwaka 2004 Nankai wakatangaza kwamba wanajitoa. Siwalaumu sana, biashara ni biashara. Lakini weka akili yako kwenye viatu vya mwanafunzi wa sekondari ambaye shule yake iko stesheni sita kutoka kwao, au bibi wa miaka themanini ambaye kliniki yake iko mjini na leseni ya gari hana.

Wale wazee hawakukaa kulia. Wakaunda chama chao cha kuitetea reli, kiingilio yen 1,000 kwa mwaka, hela ya bakuli moja la tambi na soda. Wakajiandikisha maelfu. Wakafanya mikutano, wakagawa vipeperushi, wakaenda kuwabana wakubwa wa mji. Na hili ndilo lililonigusa: hawakusema tu "serikali itusaidie". Waliambizana wao kwa wao kwamba kila mtu apande treni, hata kama ana gari, maana reli isiyopandwa haina mtetezi.

Serikali za miji na ya mkoa zikasikia. Zikakubali kuinunua ardhi ya reli na kufidia hasara kwa miaka kumi ya mwanzo mpaka kiwango walichokubaliana. Ikatangazwa zabuni kutafuta wa kuiendesha. Akashinda mtu wa mbali, kampuni ya tramu ya mji wa Okayama, na bosi wake wakati huo alikuwa Mitsunobu Kojima. Tarehe 1 Aprili 2006 ikaanza kazi kampuni mpya, Wakayama Electric Railway. Mwaka huohuo wakaigeuza treni moja kuwa hiyo ya stroberi, na waliochangia majina yao yakawekwa ndani.

Mama msimamizi aliponieleza hivyo nikanyamaza. Yule mke wa mzee alikuwa mmoja wao. Sakafu tuliyosimama ilikuwa na hela yake.

BIASHARA YA PAKA SASA

Wewe unataka paka, najua. Ngoja nikupe paka.

Kampuni mpya, ili kubana matumizi, iliwaondoa wafanyakazi kwenye stesheni ndogo. Kishi ikabaki bila mtu. Pembeni ya stesheni palikuwa na kiduka cha mama mmoja, na mama huyo alikuwa na paka wake wanaolala kwenye kibanda nje. Mmoja ni Tama, jike, alizaliwa tarehe 29 Aprili 1999, wa rangi tatu: nyeupe, nyeusi na hudhurungi. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, ni mambo ya vinasaba, na Wajapani wanaamini wanaleta bahati. Kutokana na reli kubadili mikono, kibanda kile kikawa hakina pa kukaa. Mama wa watu akamfuata bosi mpya siku hizohizo za makabidhiano, akamwomba: paka wangu waruhusiwe kuishi stesheni.

Mtu mwingine angesema, mama, tuna mambo ya maana hapa. Kojima akamwangalia Tama, na kwa maelezo yake mwenyewe, papo hapo akamwona amevaa kofia ya stesheni masta.

Tarehe 5 Januari 2007 Tama akaapishwa. Barua ya uteuzi, kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake, beji ya jina, na mshahara wa chakula cha paka cha mwaka mzima. Kazi: kupokea abiria. Akapewa na wasaidizi wawili, Chibi na Miiko, nao ni paka. Watu wakaanza kumiminika. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansai akapiga hesabu, akasema kwa mwaka wa kwanza tu paka yule aliingizia eneo lile mzunguko wa kama yen bilioni 1.1. Abiria wa njia nzima wakarudi juu ya milioni mbili kwa mwaka.

Vyeo navyo vikaja kama mvua. Mwaka 2008 akawa stesheni masta mkuu, na mwaka huohuo gavana wa mkoa akamtunuku cheo cha heshima cha "knight". Mwaka 2010 akaingia kwenye uongozi wa juu wa kampuni. Mwaka 2013 akawa kaimu wa rais wa kampuni, yaani juu yake kabaki Kojima peke yake. Hapa naomba wanaofanya kazi maofisini wasinitumie barua za malalamiko. Najua wengine mna miaka kumi mnaandikiwa "kaimu" bila posho.

Nikafika Kishi. Mwisho wa reli, jukwaa moja, njia moja. Stesheni yenyewe ilijengwa upya mwaka 2010 na mchoraji Eiji Mitooka, ndiye aliyezisanifu na zile treni. Ukisimama nje ukaiangalia, inakuangalia! Paa limeezekwa kwa magome ya mti kama mahekalu yao ya kale, masikio mawili juu, na madirisha mawili ni macho. Ndani kuna mkahawa mdogo na duka la vitu vya Tama: soksi, peremende, kalamu, vikombe. Nilinunua beji. Nilitaka na kikombe, lakini bei yake nilipoigeuza kwa shilingi nikakirudisha rafuni taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala.

Na Tama? Ofisi yake ni chumba cha kioo. Nje ya kioo tulijaa, wengi watalii wa Hong Kong na Taiwan, kamera juu, kila mtu ananong'ona. Ndani, bibi kalala. Katupa mgongo kwa umma. Kofia haikuwa kichwani.

Nikasubiri. Dakika kumi. Watoto wakaita, "Tama-chan! Tama-chan!" Sikio moja likacheza. Umati ukashusha pumzi kama goli limekosekana. Dakika ishirini. Dada mmoja mbele yangu akaanza kulia, machozi kabisa, sijui ni furaha au ni nini. Dakika arobaini. Mimi nilipata picha ya mgongo, mkia, na ncha ya sikio.

Nitasema ukweli, nilikereka. Nimetoka Osaka kwa ajili ya mgongo? Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, nikala kaki ya mzee. Ikapita treni nyingine, wakashuka wanafunzi kama wanane wenye sare, wanacheka, wanasukumana, hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia chumba cha kioo. Wakachukua baiskeli zao wakaondoka. Wakati ule sikulitilia maanani. Leo ndicho kitu ninachokikumbuka zaidi ya sikio la Tama. Kwao ile haikuwa stesheni ya paka. Ilikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Ndiyo maana magazeti yakiandika "Paka aliyeokoa reli" mimi huwa nasonya kidogo. Paka ameteuliwa Januari 2007. Reli ilikuwa imeshaokolewa Aprili 2006, na waliofanya hivyo ni watu wa yen 1,000, waliopanda treni wakati gari liko uani. Tama aliifanya ipendwe na walio mbali, na hilo si dogo hata kidogo, maana bila wageni wale sijui ingefika wapi. Lakini angekuja akute reli imeng'olewa, angekuwa paka wa dukani tu, mzuri, anayelala juani.

Na uzuri wenyewe ni kwamba kampuni ile wala haijawa tajiri. Usije ukadhani wanaogelea kwenye pesa. Kijiji ni kilekile kinachozeeka, na treni zilezile za zamani zilizopakwa rangi. Wengine waliiga. Kule Fukushima, stesheni ya Ashinomaki Onsen ikaweka paka wake mwaka 2008. Paka kupatikana ni rahisi, hata hapa uswahilini wapo wa kumwaga. Wazee wa kuchanga, hao ndio kazi.

JUNI 2015

Nilikuwa nimesharudi Dar. Mama msimamizi akanitumia barua pepe, mistari michache. Tama kafariki, tarehe 22 Juni, moyo. Miaka kumi na sita. Alikuwa amelazwa tangu Mei kwa ugonjwa wa pua.

Mazishi yalifanyika palepale stesheni tarehe 28 Juni, kwa taratibu za dini yao ya Shinto. Walifika watu kama elfu tatu. Elfu tatu, kwenye stesheni ya jukwaa moja! Kojima alisoma rambirambi mwenyewe. Tama akapewa cheo cha stesheni masta wa heshima wa milele, na kwa imani yao akahesabiwa kuwa mungu wa kulinda eneo lile. Kajengewa kihekalu kidogo hapo jukwaani. Unaweza kucheka. Mimi mwezi Oktoba ningecheka. Juni sikucheka.

Baada ya siku hamsini za maombolezo, Agosti, kiti kikachukuliwa na Nitama, ambaye tangu 2012 alikuwa stesheni masta wa Idakiso, katikati ya njia. Jina lake maana yake ni Tama wa pili. Januari 2017 akaongezwa Yontama, Tama wa nne. Utauliza, wa tatu yuko wapi? Kisa chake ni kitamu. Wa tatu, Sun-tama-tama, alipelekwa Okayama kufundwa kazi, na aliyekuwa akimlea kule akampenda hivyo hivyo, akakataa kabisa kumrudisha. Kampuni ikakubali yaishe.

Treni bado zinakimbia pale. Beji yangu iliibiwa na begi Kariakoo, huko iliko na ikae salama. Picha ninayo, iko ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Wageni wakija wanaona mgongo wa paka, wananiuliza kwa nini sikusubiri ageuke.

Nilisubiri dakika arobaini, nawaambia. Alikuwa kazini.